Bukoba: tunaogopa tetemeko, lakini mimi nasema kitakachotumaliza ni maji

#1 Ukingo wa Kanoni
Wakuu, habari za leo. Nina viwanja viwili mkononi na lazima nichague kimoja kabla mwaka haujaisha. Kimoja kiko chini bondeni, hatua chache kutoka Mto Kanoni, tambarare, gari linafika mlangoni. Cha pili kiko juu mlimani, mteremko mkali, udongo mwekundu, ukisimama pale Ziwa Victoria lote liko mbele yako. Ndugu zangu wote wananiambia chukua cha chini kwa sababu "juu tetemeko litakuporomosha". Tangu Septemba 2016, mtu wa Bukoba akitaja janga anataja tetemeko.

Mimi naona tunakosea. Nina miaka 41 na tetemeko la kuua nimeliona mara moja. Maji ya Kanoni yameingia kwetu mara ambazo nimeacha kuzihesabu. Nasema hivi: kitakachoumaliza mji huu ni maji. Anayepinga aje na sababu. Na mwenye historia ya majanga ya mji wetu, hata ya kabla hatujazaliwa, aimwage hapa.

#2 Kashai Damu
Naunga mkono hoja. Kashai mvua ikinyesha usiku tunalala tumevaa viatu.

#3 Fundi wa Kozi
Mkuu #1, napinga. Maji yanakupa nafasi ya kutoka. Unayasikia, unabeba mtoto, unapanda juu ya meza, unaita jirani. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilimpa nani nafasi? Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika 27 alasiri. Nilikuwa juu ya jukwaa Hamugembe napiga plasta. Kwanza nilidhani lori la mchanga limegonga nguzo. Kisha ndoo yangu ya maji ikaanza kumwaga yenyewe, mara huku mara kule, na hakuna aliyeigusa. Nikaruka. Niligeuka nikaona ukuta wa pembetatu wa nyumba ya jirani, ule wa juu unaobeba paa, umetoka mzima mzima kama mlango na kulala uani. Mahali pale dakika tano kabla alikuwa amekaa mama anachambua maharage. Alikuwa ameingia ndani kuchukua chumvi.

Watu 17 upande wetu wa Tanzania. Siku ya pili mji mzima ulikuwa uwanja wa mpira wa Kaitaba kuaga. Kanoni imeshatupeleka wangapi Kaitaba?

#4 Binti Bunena
Siku ile tulilala nje wiki nzima. Mdogo wangu mpaka leo lori kubwa likipita anashika mlango. Fundi, asante kwa kukumbusha, japo inauma.

#5 Mwanza Mawe
Marekebisho kidogo: nilisoma watu 11, sio 17.

#6 Mwalimu wa Ramani
@Mwanza Mawe 11 ilikuwa hesabu ya saa za mwanzo, ikapanda siku iliyofuata. Halafu kuna utata mwingine ambao watu hugombania: ukubwa wa tetemeko. Wataalamu wetu walitangaza 5.7, Wamarekani wakaandika 5.9. Usione ni tofauti ndogo. Katika kipimo hicho 0.2 ina maana nishati karibu maradufu. Kitovu kilikuwa kaskazini, upande wa Missenyi, na kina Wamarekani walikiweka kwenye kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Ndiyo maana lilisikika mbali sana, hadi Uganda, Rwanda na kwenu Mwanza.

Kuhusu kwa nini sisi: Bukoba iko kwenye bamba dogo lililobanwa katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, la magharibi linalopita Tanganyika, Kivu na Albert, na la mashariki linalopita Manyara na Natron. Mitikisiko mingi mikubwa hutokea kwenye yale matawi yenyewe. Mfano 5 Desemba 2005, tetemeko la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. La 2016 lilishangaza kwa sababu lilikuja hapa katikati, mahali wengi walipopaona pametulia.

#7 Mwanza Mawe
Asante mwalimu. Ila nyie Wahaya, kina Nshomile, hata tetemeko lazima liwe la kipekee, la kushangaza wataalamu 😂

#8 Nshomile wa Kashozi
@Mwanza Mawe mtani, hata mfumo mzima wa miamba umepewa jina la mji wetu. Wanajiolojia wanaita "Bukoban" mawe ya mchanga ya zamani sana ambayo yameonekana mpaka mbali na hapa. Hayo majabali yenu yamepewa jina gani?

#9 Mwanza Mawe
Bismarck. Nimeshindwa, naondoka 😂

#10 Babu Kibanja
Vijana, hamjambo. Nimesoma yote. Mnazungumza kama majanga yameanza 2016. Mimi nilikuwa mtoto ziwa lilipopanda miaka ya 1961 mpaka 1964. Halikupanda kwa siku moja. Tulizoea kuteka maji mahali fulani penye jiwe bapa. Mwaka wa kwanza jiwe likawa limelowa. Mwaka wa pili tukalikanyaga ndani ya maji. Mwaka wa tatu hatukujua tena lilipo. Wazee walisema Mugasha ana hasira, maana ziwa na dhoruba ni mali yake. Baba yangu alikuwa Mkristo wa Bunena, hakutaka kusikia habari hizo, lakini naye alihamisha ng'ombe.

Ninachotaka kumwambia huyu wa #1: wakati ule watu hawakuzama, kwa sababu hakuna aliyejenga kule chini. Bonde lile lilikuwa mafunjo na chura. Mji ulikuwa mdogo, watu walikaa vibanjani juu, kwenye migomba yao.

#11 Ukingo wa Kanoni
Shikamoo babu. Hapo ndipo ninapopataka. Kwa hiyo bonde halikuwa la watu?

#12 Babu Kibanja
Marahaba. Lilikuwa la mto.

#13 Kashai Damu
Wakuu, msitusimange. Sisi wa chini hatukwenda huko kwa kupenda. Kiwanja cha juu kina bei, cha chini ndicho tulichoweza. Na tulipimiwa, tukalipa, tukapewa karatasi. Ofisi iliyotupimia ilijua mto uko wapi.

#14 Ziwa Halina Mlango
Mnaligusa la ziwa halafu mnapita. Hebu tulifungue. Mei 2020 kipimo cha Jinja, kule Uganda maji ya ziwa yanapotokea kuingia Nile, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Mwaka 2024 likapita hata hapo. Nawauliza: kwa nini? Mimi jibu langu liko wazi. Uganda wana mabwawa Jinja, Owen Falls tangu 1954. Wakifunga milango, maji yanarudi kwetu. Kanoni inakosa pa kwenda inarudi mjini. Mafuriko yetu yanaamuliwa Jinja.

#15 Mwalimu wa Ramani
@Ziwa Halina Mlango nusu ni kweli, nusu sio. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, hata Kagera ambao ndio mkubwa kuliko yote, inaleta kilichobaki. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kupita kawaida, Afrika Mashariki yote ikapigwa mvua, na ziwa likapanda miezi sita iliyofuata. Ndiyo hadithi ya 2020. Mlango wa Jinja una sauti, lakini wingu lina sauti kubwa zaidi.

#16 Ziwa Halina Mlango
Mwalimu, na 2006 je? Ziwa lilishuka mpaka magati yakabaki hewani. Hapo wingu ndilo lilifungua milango? Hata wataalamu walikubali kuwa maji yalitolewa Jinja kuliko makubaliano.

#17 Mwalimu wa Ramani
Hapo nakubali. 2006 vyote viwili vilihusika, ukame pamoja na maji kutolewa kwa wingi. Lakini kushuka kwa 2006 hakuthibitishi kwamba kupanda kwa 2020 kulitokana na milango.

#18 Ziwa Halina Mlango
Wala hakukanushi.

#19 Mvuvi Alfajiri
Nyie mnapimana namba. Mimi niko majini kila siku. Mwaka 2024 upepo wa mashariki ukivuma, pale Kanoni inapoingia ziwani maji ya ziwa yalikuwa yanaingia mtoni. Unaona kwa macho: taka zinaelea kwenda juu, kuelekea mjini. Mvua ikanyesha milimani siku hiyohiyo. Mto unashuka, ziwa linapanda, vinakutana katikati, na katikati ndipo nyumba zilipo. Sijui habari za Jinja. Nilichokiona ni hicho.

#20 Kashai Damu
Shuhuda huyu hapa. Asante mvuvi.

#21 Mama Senene
Mimi naona mnamsingizia ziwa. Nenda darajani kabla ya masika uangalie kilichobanana chini yake. Chupa, viroba, magodoro, migomba mizima, pampasi za watoto. Mwaka juzi sisi kina mama wa mtaa wetu tuliingia mtoni na mareki, tukatoa taka kutwa nzima. Mvua iliyofuata, kubwa tu, maji yalipita. Wiki tatu baadaye daraja limeziba tena, na mvua ndogo ikatuingilia jikoni. Ziwa ni lilelile, Jinja ni ileile. Kilichobadilika ni uchafu wetu.

#22 Nshomile wa Kashozi
Mama Senene umesema kweli ila umeanzia katikati ya mto. Anzia juu. Vilima vinavyouzunguka mji vilikuwa rweya, nyasi tupu na vibanja. Nyasi inanyonya. Sasa hivi ni mabati, lami na mikaratusi. Mvua ileile iliyokuwa inachukua nusu siku kufika Kanoni sasa inafika chai haijapoa. Na inakuja na mchanga, ule mchanga unajaza mto, mto unakuwa sahani badala ya bakuli.

#23 Fundi wa Kozi
Kwa hiyo tuna sababu nne za mto mmoja: Jinja, wingu, taka, mabati. Na babu ana ya tano, kwamba tumejenga kitandani mwa mto. Tuendelee na tetemeko au?

#24 Radi Nane
Tuendelee na RADI. Mbona hamuitaji? Bukoba radi inaua mtu mmojammoja, haipelekwi Kaitaba, ndiyo maana haionekani. Bonde hili la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa radi nyingi kuliko mengi duniani. Mjomba wangu alipigwa amesimama chini ya muembe, mvua hata haijaanza vizuri. Alikuwa na redio ya betri mkononi. Redio ilikutwa inaimba.

#25 Binti Bunena
Pole sana. Nimesisimka.

#26 Mwanza Mawe
Pole mkuu. Nimerudi, ila kwa adabu. Kwetu wanasema usivae nyekundu mvua ikianza, na ufunike kioo. Kwenu pia?

#27 Mwalimu wa Ramani
@Mwanza Mawe yapo kila mahali hayo, ila radi haijali rangi. Inatafuta kilicho juu na kilicho peke yake: mti, nguzo, mtu katikati ya rweya, mvuvi ndani ya mtumbwi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika chini ya 30, uwe umeshaingia ndani ya nyumba kamili au gari lenye bati juu. Banda la nyasi halitoshi, na mti ndio mbaya kuliko vyote.

#28 Radi Nane
Mwalimu nakuheshimu, lakini kuna radi inayopita nyumba kumi na kuingia ya kumi na moja ilikokusudiwa. Hilo kwetu tumeliona.

#29 Mwalimu wa Ramani
Ndugu yangu, umefiwa, siwezi kubishana na wewe. Nakuomba tu: hata kama unaamini hiyo, funga waya wa kupeleka radi ardhini.

#30 Radi Nane
Nilishafunga. Vyote viwili nimefanya.

#31 Mvuvi Alfajiri
Hii ya radi inanipa nafasi ya kusema jambo ambalo wageni hawalijui. Mvua ya Bukoba ina saa zake. Mchana ziwa linapoa kuliko nchi kavu, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanajijenga juu ya vilima huko mbali. Usiku inageuka: nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo wa pande zote unakusanyika katikati ya ziwa, na hapo ndipo dhoruba inapopikwa. Kisha upepo wa mashariki unaisukuma huku kwetu. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri unaona umeme unacheza kule visiwani bila sauti, na saa mbili asubuhi uko juu ya kichwa chako. Sisi hatutoki ukiuona ule umeme. Wanaotoka wengine tumewatafuta siku tatu.

Nimeona pia maji yanayopanda mbinguni, mkonga mwembamba kutoka winguni mpaka ziwani, unatembea. Ule ukiuona unakata nyavu na kukimbia. Nyavu utanunua.

#32 Mwalimu wa Ramani
Sina cha kuongeza kwa mvuvi isipokuwa namba: hiyo dhoruba ya usiku ndiyo inayotufanya tupate karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Aprili ndio mwezi mzito kuliko yote. Mwanza iko ziwani kama sisi lakini inapata karibu nusu yetu, kwa sababu upepo hauisukumi dhoruba upande wake.

#33 Abiria wa Asubuhi
Mvuvi #31, umenirudisha 6 Novemba 2022. Ile ndege iliyoanguka ziwani ilikuwa inakuja kutua asubuhi, kabla ya saa tatu, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu 43 ndani, 19 hawakutoka. Nilikuwa nimesimama upande wa uwanja namsubiri dada yangu, naye alikuwa amechelewa ndege hiyo Dar. Sikujua amechelewa. Nilijua baada ya dakika 40. Mvua ile ninaikumbuka ilivyokuwa: nyeupe, huoni maji ya ziwa yanaanzia wapi. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na makasia yao.

#34 Mvuvi Alfajiri
Nilikuwepo. Tulivuta kwa kamba. Sitaandika zaidi.

#35 Kashai Damu
Na MV Bukoba je? 21 Mei 1996. Ile nayo iingie kwenye historia ya majanga ya mji.

#36 Abiria wa Asubuhi
Kwenye historia ya machozi, ndiyo. Kwenye hali ya hewa, hapana. Meli ilizama ikiwa inakaribia Mwanza na haikuwa dhoruba, ilibeba watu kupita uwezo wake. Tusiipe mvua lawama isiyo yake. Na ya ndege pia, mimi nimesema hali ya hewa ilivyokuwa, sijasema ndiyo chanzo peke yake.

#37 Mama Senene
Mungu awapumzishe wote. Novemba ile senene, panzi wetu wa kula, zilishuka wiki ileile, na watu wa kwetu hawakutoka kuwasha taa. Sijawahi kuona mwaka mwingine namna hiyo.

#38 Nshomile wa Kashozi
Kweli. Kwetu sufuria zilibaki juu ya dari.

#39 Mgeni Hamugembe
Samahani wakuu, mimi nimehamia Bukoba kikazi. Nimeambiwa chini ya ziwa kuna gesi, tetemeko likija tena italipuka. Ni kweli? Na tsunami inaweza kutokea ziwani?

#40 Mwalimu wa Ramani
@Mgeni Hamugembe karibu. Gesi ni habari ya Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, lenye kina kirefu sana na volkano jirani. Victoria ni pana lakini halina kina, kwa wastani mita 40 hivi, na penye kina zaidi ni kama 80. Maji yake yanachanganyika, gesi haitulii chini kama Kivu. Wimbi la upepo ndilo la kuogopa hapa, na hilo muulize mvuvi.

#41 Fundi wa Kozi
Sasa nirudi kwa mwenye uzi maana ametuachia mji mzima. @Ukingo wa Kanoni, unajua kwa nini Hamugembe ilipigwa vile na nyumba nyingine umbali uleule zilisimama? Nilizunguka mwezi mzima nabomoa zilizopasuka. Nimeziona kwa ndani, na nyingi zilikuwa na ugonjwa mmoja: tofali za kuchoma juu ya udongo uliokandwa, saruji imepakwa nje tu kama poda. Juu ya madirisha mbao badala ya zege. Hakuna mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba yote juu ya madirisha, ule tunaouita lenta. Kona mbili za ukuta hazikufungamana, kozi za ukuta huu zimeishia pale, za ukuta ule zimeanzia hapa, katikati unapitisha kisu. Nyumba ya hivyo haihitaji 5.9. Tetemeko liliua kwa mkono wa fundi.

#42 Nshomile wa Kashozi
Fundi kujishtaki mwenyewe, hiyo ni mara ya kwanza kuisoma humu. Heshima.

Lakini vipi Ihungo na Nyakato? Zile si nyumba za mtaani, ni shule za siku nyingi. Zikapasuka mpaka wanafunzi wakahamishwa na Ihungo ikajengwa upya. Kwa hiyo sio ufundi tu. Mimi nasema ni ardhi. Chini ya mji pamejaa tope na mchanga laini wa mto na ziwa, na tope likitikiswa linatikisika zaidi kuliko mwamba, kama uji kwenye kibuyu.

#43 Fundi wa Kozi
Ihungo iko mlimani, sio kwenye tope. Umejipinga mwenyewe.

#44 Nshomile wa Kashozi
Mlimani kuna ukingo, na ukingo nao una tabia yake ya kutikisika. Sijajipinga, nimeongeza.

#45 Babu Kibanja
Msonge, nyumba yetu ya asili, haukuanguka hata mmoja. Miti imefungwa kwa kamba, nyasi juu. Dunia ikicheza, unacheza nao. Nilikuwa na wa kuhifadhia vitu nyuma ya nyumba. Nyumba ya tofali ilipasuka kutoka dirisha mpaka msingi. Msonge ulimwaga vumbi tu, na kuku mmoja akatoka amekasirika.

#46 Radi Nane
Babu, msonge na radi lakini? Unawaka kama kiberiti.

#47 Babu Kibanja
Hilo kweli. Wa baba yangu uliungua hivyo.

#48 Mama Senene
Na mvua ya mawe mmeisahau. Dakika kumi tu, kibanja chote kimelala, migomba imevunjika shingo. Janga la mji ni nyumba, janga la kijiji ni mgomba. Wa mjini mnanunua ndizi sokoni hamjui zimepita wapi.

#49 Kashai Damu
Tunajua bei ikipanda, mama.

#50 Ukingo wa Kanoni
Wakuu, asanteni, nimesoma kila neno. Nimefanya jambo moja ambalo nilitakiwa kulifanya kabla sijaandika #1. Jana kulinyesha kuanzia saa tisa usiku. Nimeamka nikaenda kiwanja cha chini na tochi. Maji hayakuwa kiwanjani. Nikafurahi. Kisha nikamulika ukuta wa jirani. Kuna mistari mitatu, ya kahawia, imenyooka kama imepigwa kwa rula. Wa chini unanifika kwenye goti. Wa katikati kiunoni. Wa juu kabisa uko chini kidogo ya kidirisha cha choo, nao umefifia, amejaribu kuupaka rangi mara mbili na umetokea tena. Nimemgongea asubuhi nikamuuliza ni wa mwaka gani. Akaniambia, "Huo niliukuta."

Nikapanda cha juu. Kule nyufa sikuona, lakini jirani wa juu amekata mlima wima kama mkate ili apate uwanja, na ule udongo uliokatwa unatoa maji katikati, yanachuruzika kuelekea kiwanja changu.

#51 Fundi wa Kozi
Usijenge chini ya ule mkato mpaka pawe na ukuta wa kuzuia wenye matundu ya kutolea maji. Udongo uliolowa ni mzigo. Likija tetemeko masika, mlima wenyewe ndio utakaoshuka. Hapo maji na tetemeko vinakuwa kitu kimoja.

#52 Ziwa Halina Mlango
Umeona sasa? Maji tena.

#53 Fundi wa Kozi
Nimesema MASIKA na TETEMEKO. Soma vizuri.

#54 Binti Bunena
Kaka, ulimuuliza jirani wa mistari mitatu kwa nini hahami?

#55 Ukingo wa Kanoni
Nilimuuliza. Akasema ameshainua kitanda kwa tofali nne, na mwaka huu anaongeza ya tano.

#56 Mvuvi Alfajiri
Mwambie aongeze leo. Niko ufukweni sasa hivi, saa kumi na moja kasoro. Kule visiwani umeme umeanza kucheza, na upepo unatoka mashariki.